Mmoja kwa Elfu Nne

Atuganile Mwakipesile alisimama hatua nne kutoka mlangoni, kama kanuni ilivyotaka, akapiga hodi mara mbili na kungoja. Ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya ngano tangu alfajiri, na sasa saa nne ya asubuhi bado zizi la kondoo nyuma ya nyumba halikuonekana. Ndani, kiti kilisogezwa. Muda ukapita, mrefu kuliko kawaida, ndipo mlango ukafunguliwa.

"Karibu, afisa," alisema Obadia Tweve.

"Asante, ndugu. Habari za leo?"

Obadia alikuwa na umri wa kutosha kuwa baba yake mdogo, na kwingine kokote Atuganile angempa shikamoo. Lakini Idara ya Sampuli ilikwisha kuamua zamani kwamba salamu iwe moja kwa kila mtu na kwa sauti ileile, ili asiwepo anayelainishwa na heshima wala anayenuna kwa kuikosa. Kwa hiyo kwa miaka minne, kila siku ya kumi, alimsalimu hivyo, kama karani anavyomsalimu mtu aliye upande wa pili wa dirisha.

Aliketi kwenye kigoda, akatoa kisomaji mkobani, akakisogeza karibu na mtulinga wa Obadia. Hapo chini ya ngozi ndipo ilipokaa punje, ndogo kuliko punje ya mchele, ikionja damu yake mchana na usiku. Kisomaji kililia mara moja. Baadaye likaja dodoso, maswali arobaini yasiyobadilika.

"Jana ulikula mara ngapi?"

"Mara moja."

"Tangu jana asubuhi umezungumza na watu wangapi?"

"Na wewe."

"Ukiniondoa mimi."

Obadia alifikiri. Mkewe alikuwa amefariki, watoto walikuwa Makambako, na tangu awekewe punje alikuwa ameacha kukaa na wenzake kwenye pombe ya ulanzi, kwa kuogopa ulimi wake usiteleze akaitaja. "Basi hakuna," alisema.

Atuganile akaandika sifuri. Wakati huo ukungu ulipasuka kidogo, mwanga ukaingia kwa dirisha la upande, ukamwangukia Obadia usoni. Macho yake yalikuwa ya manjano, manjano iliyokolea kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Mikono yake ilikuwa na mistari mirefu ya kucha.

"Unajikuna," alisema Atuganile, na papo hapo akajua amekosea. Neno hilo halikuwemo katika maswali arobaini.

Obadia alimtazama kwa mshangao. "Wiki ya pili sasa. Na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Nilikwenda kituo cha afya wakanipa vidonge vya maumivu, wakasema dawa yenyewe hawana, iko ghala kuu." Akanyoosha mikono mwangani. "Afisa, hiki ni kitu gani?"

Atuganile alikijua. Ilikuwa kuvu inayoota katika ngano ya baridi ikivunwa na unyevu, isiyoonekana kwa macho wala kuonjeka katika uji, inayokula ini polepole. Mwaka uliotangulia ilikuwa imezuka katika kanda nyingine. Dawa yake ilikuwepo na ilitibu vizuri, mradi ini liwe bado halijaliwa lote.

"Sina ruhusa ya kujibu, ndugu," alisema kwa ile sauti aliyofundishwa. "Swali la kumi na tatu. Juzi ulilala saa ngapi?"

*

Kibanda cha afisa kilijengwa ukingoni mwa msitu wa misonobari, mwendo wa saa mbili kutoka nyumba ya kwanza. Hakuruhusiwa kuwa na rafiki katika kanda yake, kwa sababu rafiki naye ana shamba, na mwenye shamba hukosi kumpendelea. Walikuwa wamempa jiko la kuni, kitanda, redio, na dirisha lililotazama majani. Mama yake alipiga simu kutoka Tukuyu kila Jumapili. Siku nyingine Atuganile alisoma kwa sauti maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi, ili tu aisikie sauti yake ikisema kitu kisicho swali.

Jioni hiyo aliunganisha kisomaji na mtambo, na maneno yakajitokeza kama alivyotarajia. Damu ya mwenye punje ina sumu. Kipimo cha pili mfululizo. Uzito: watu 4,112.

Bibi zake walizaliwa katika zama ambazo kila mtu alipimwa. Kila mlo na kila pigo la moyo viliandikwa mahali, na watu wakanyimwa kazi na wachumba kwa magonjwa ambayo walikuwa bado hawajayaugua. Nchi ilipochoka ndipo ikaja Sheria ya Pazia. Tangu hapo mwili wa mtu ni siri yake. Daktari hatoi habari za mgonjwa nje ya chumba chake, wala mwenyekiti wa kitongoji haulizi nani anaumwa. Aliyeachwa nje ya pazia ni mmoja tu kati ya watu elfu nne na ushei, anayetoka kwa bahati nasibu na kuvaa punje miaka mitano bila jirani kujua. Mtambo wa Mgao, unaofungua na kufunga maghala ya chakula na dawa ya nchi nzima, husoma punje tu. Kipimo kimoja kibaya huenda ni ajali. Viwili, bado mtambo hushuku. Vikiwa vitatu, ghala hufunguliwa, na kesho yake ndege zisizo na rubani huleta dawa ya watu wote anaowawakilisha mtu yule.

Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Katika mkoba wa kila afisa kulikuwa na kichupa kimoja cha dawa ya kuvu, kwa kuwa afisa naye hula ngano ya huko anakopita. Juu yake yaliandikwa maneno matatu: kwa afisa tu. Atuganile alikiweka mezani akakaa akikitazama.

Akimpa Obadia dawa, damu itasafika ndani ya siku tano. Kipimo cha tatu kitakuwa kizuri, faili litafungwa, na mtambo utasadiki kwamba watu elfu nne mia moja na kumi na wawili wote ni wazima. Asipompa, pengine atafika siku ya kumi, pengine hatafika. Na akifa kabla, punje ya maiti haisomwi. Litachaguliwa jina jingine na hesabu itaanza upya, siku thelathini.

Angeweza kuandika tu kwamba amemwona mgonjwa kwa macho yake. Lakini macho ya afisa hayakuwa kipimo, na yeye kuliko wengi alijua sababu. Alipokuwa na miaka sita, kabla punje hazijaanza, maafisa walijichagulia wenyewe watu wa kuwauliza. Waliuliza palipofika gari. Mwaka wa njaa waliandika kwamba wilaya ina akiba, kwa sababu kando ya barabara akiba ilikuwepo kweli. Kijiji cha mama yake kilikuwa mwendo wa nusu siku toka barabarani. Dada yake mkubwa, Ipyana, alizikwa mwezi ule akiwa na miaka tisa. Atuganile alikuwa ameingia Idarani kwa ajili hiyo, na katika miaka kumi na minane hakuwahi kuruka nyumba hata moja, wala kumbadilisha mtu kwa sababu ya mvua au mlima. Aliamini kanuni kama wengine wanavyoamini sala.

Kesho yake alishinda akipasua kuni ambazo hakuzihitaji. Siku ya pili akachukua kichupa na kuondoka.

*

Alimkuta Obadia amelala juu ya magunia matupu, shati wazi, tumbo limemvimba. Hakungoja kukaribishwa. Alichota maji mtungini, akamwinua kichwa, akamnywesha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumgusa mtu tangu likizo ya mwaka uliopita, na vidole vyake havikujua vishike wapi.

"Leo si siku yako," alisema Obadia.

"Si siku yangu." Akaketi sakafuni. "Nisikilize, baba. Nitakuambia mambo ambayo sipaswi kukuambia, halafu utaamua wewe."

Akamwambia yote: kuvu, kichupa, vipimo vitatu, watu elfu nne. Obadia alisikiliza huku akijikuna taratibu, mkono mmoja kisha mwingine.

"Nikingoja hizo siku nane, nitakufa?"

"Unaweza kufa. Unaweza usife. Sijui, na sitaki kukudanganya."

"Na hao wengine, wanaumwa kweli?"

"Hata hilo silijui. Inawezekana wanaumwa wote. Inawezekana ni wewe peke yako uliyevuna na unyevu. Kwenye mtambo hakuna tofauti. Ukiumwa wewe, wameumwa. Ukipona wewe, wamepona."

Nje kondoo walikuwa wakilia kwa njaa, hawakufunguliwa tangu jana.

"Miaka yote minne nimekuwa nikijisemea kwamba hiki kitu kifuani kinanifanya mtu wa maana," alisema mwishowe. "Nilidhani ikifika siku ya kutakiwa nitasimama. Sasa nimelala hapa, na nasikia woga tu." Akafumba macho. "Nipe, mwanangu. Nisamehe. Nipe."

Alimpa. Alimshikia kichupa mdomoni mpaka tone la mwisho. Baadaye akatoka kwenda kuwafungulia kondoo, na huko zizini, akiwa ameegemea mlango wa miti, akaelewa vizuri alichokifanya. Alikuwa amemchagua mtu mmoja kwa sababu alimwona. Kosa hilohilo la wale waliosimamisha gari barabarani.

Hakurudi kibandani. Alikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kata kuomba orodha ya nyumba, ili awatafute wagonjwa kwa hesabu isiyochagua.

*

Orodha ilikuwa na kaya mia nane na arobaini. Kuzipita zote kungemchukua miezi miwili. Alikaa kwenye ngazi za ofisi akapiga hesabu yake: kwa siku nne, akitembea tangu kunapokucha mpaka jua linapozama, angeweza kufika kaya sitini. Mia nane na arobaini kwa sitini ni kumi na nne. Basi angechukua kaya moja katika kila kumi na nne, na pa kuanzia pasiwe pa kuchagua mwenyewe. Aliandika namba moja hadi kumi na nne kwenye vipande vya karatasi, akavikunja sawasawa, akavitia katika kofia yake, akamwomba mama aliyekuwa akifagia ua achomoe kimoja bila kutazama.

"Ni mchezo wa nini huu?" aliuliza yule mama.

"Nataka nisijue naanzia wapi."

Ilitoka tisa. Kaya ya tisa, ya ishirini na tatu, ya thelathini na saba, na kuendelea hivyo mpaka mwisho wa orodha.

Katika kila mlango alisema maneno yaleyale, kwamba yeye ni afisa wa Idara, kwamba anavunja Sheria ya Pazia kwa kuuliza, kwamba wana haki ya kumfukuza na hata kumshtaki. Kisha aliomba awatazame macho mchana peupe na awaulize kuhusu mkojo na mwasho. Kaya tatu zilikataa. Katika moja mwanamume alimtupia mlango usoni, na Atuganile akaandika "amekataa" akaenda zake, hakugonga nyumba ya jirani. Nyumba moja aliirudia mara tatu bila kumkuta mtu. Akaandika hivyo pia. Palipo na pengo katika hesabu, pengo lilipaswa kubaki. Aliyelijaza kwa jirani mwenye mlango wazi alikuwa ameanza kudanganya.

Kwingine walimpokea kuliko alivyostahili. Walimpa viazi vya kuchemsha, wakamwonyesha picha za wajukuu. Bibi mmoja alimshika kidevu akamwambia amekonda. Alijikuta akichelewa kuinuka. Tangu aanze kazi hii alikuwa amekaa katika mamia ya nyumba, na hakukumbuka kuwa amewahi kukaa katika nyumba hata moja.

Na wagonjwa walikuwepo. Si wote, wala si Obadia peke yake. Nyumba nane, tisa, kumi hakukuwa na kitu, kisha katika nyumba moja watu watano wote macho ya manjano.

Siku ya tatu, baada ya saa tisa, alifika penye njia panda. Kaya ya mia nne na kumi na tano ilikuwa ng'ambo ya korongo, juu, moshi wake ukionekana kama uzi. Kaya ya mia nne na kumi na nne ilikuwa hapa hapa, mlango wazi, mtu akiimba ndani. Magoti yalikuwa yakimuuma na mvua ilikuwa ikija. Alisimama pale dakika nzima. Kisha akavua viatu, akavifunga shingoni, akateremka korongoni.

Mlango ulifunguliwa na mwanamume mwembamba mwenye sweta la shule la kiume lililomkaa fupi mikononi. Jina lake lilikuwa Lutengano Mahenge. Atuganile hakumaliza maneno yake ya mlangoni.

"Ingia," alisema Lutengano. "Hakuna mtu aliyefika huku kutuuliza kitu. Njoo umwone."

Mkewe, Rabeka, alikuwa kitandani, mdogo kwa Atuganile kwa miaka kumi hivi. Weupe wa macho haukuwepo tena kabisa. Midomo ilikuwa imepasuka, na mazungumzo yake yalikuja na kupotea, lakini alipomwona mgeni alijaribu kuvuta khanga ajisitiri vizuri.

"Una dawa, dada?" aliuliza.

"Sina," alisema Atuganile.

Ulikuwa ukweli, na tangu azaliwe hakuwahi kusema ukweli mzito namna ile. Kichupa kilikuwa kimekauka siku ile, nyumbani kwa mtu mwingine aliyekuwa na hali nafuu kuliko hii. Aliandika: kaya 415, watu wanne, mgonjwa mmoja. Mkono uliandika vizuri tu, ulikuwa umezoea.

*

Jioni ya siku ya nne, jua likiwa bado halijazama, alituma matokeo na kumpigia Mkuu wa Kanda. Gaudensia Mapunda ndiye aliyemfundisha kazi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Kwanza ulimpa dawa mwenye punje," alisema Gaudensia.

"Ndiyo, dada."

"Halafu ukawavulia pazia watu karibu mia tatu."

"Mia mbili sabini na wanne. Kaya hamsini na sita kati ya sitini. Waliokataa nimewaandika. Wagonjwa ni ishirini na tisa. Kwa watu elfu nne mia moja na kumi na wawili inakuwa kama mia nne thelathini na tano, zaidi au pungufu. Wengi wao wako upande wa kaskazini wa korongo, wanakochelewa kuvuna."

"Atu, najua kupiga hesabu." Sauti ya Gaudensia ilikuwa ya uchovu kuliko ya hasira. "Unajua kwamba ungengoja, Mgao ungeleta dawa ya watu elfu nne siku ya kumi na moja? Ya kutosha na kubaki."

"Najua. Na ingetolewa katika ghala lilelile la watu wengine, mahali pengine, wanaoumwa kweli."

"Hilo halikuwa lako kulipima."

"Halikuwa langu."

"Ulimwonea huruma mtu mmoja. Kesho afisa mwingine atamwonea huruma shemeji yake. Nitamwambia nini?"

Atuganile alitazama dirishani. Aliona aibu kutafuta jibu la kuvutia. "Mwambie mimi nilifukuzwa," alisema. "Lakini hesabu itazame, dada. Itazame kama imetoka kwa mtu usiyemjua. Nilichukuaje nyumba, nilianzia wapi, nilimwacha nani. Ukikuta mahali nilipochagua kwa kupenda, itupe yote."

"Nitaitazama," alisema Gaudensia. "Lakini mtambo hautaki karatasi. Lazima watu saba waweke saini ili ghala lifunguliwe kwa mkono, na hao saba sijui nitawapata lini. Usiondoke hapo. Usimguse mtu mwingine."

Ilichukua siku saba. Obadia alipona siku nne baada ya kunywa dawa. Siku yake ya kumi ilipofika alitumwa afisa mwingine kutoka kanda ya jirani kumsoma, na mtambo ukaandika kwamba nyanda zile zote ni nzima. Siku ya kumi na moja, ambayo ndege zingefika kama kanuni ingefuatwa, mbingu ilikuwa tupu. Zilifika siku ya kumi na nne, mchana, kumi na mbili kwa mstari, zikashusha makasha mekundu mbele ya kituo cha afya.

Atuganile alibeba kasha la upande wa kaskazini yeye mwenyewe. Hakuwa afisa tena. Barua ya kuachishwa kazi ilikuwa imefika pamoja na ndege ya kwanza. Alivuka korongo, akapandisha. Kabla hajafika juu alisikia watu wakiimba, wimbo wa taratibu wa sauti nne, kama waimbavyo Wakinga wanapotoka makaburini.

Rabeka Mahenge alikuwa amefariki jana yake.

*

Alitoa dawa kwanza. Katika waombolezaji wenyewe walikuwemo sita waliohitaji, na aliwapa mmoja mmoja kwenye kona ya ua, akiwaonyesha jinsi ya kuinywa. Walimshukuru. Mama mmoja alimshika mikono yote miwili akaiinamia, na Atuganile alitamani ardhi immeze.

Angeweza kuondoka hapo. Hapo uani hakuna aliyejua kitu. Barua ilisema gari la kumrudisha Tukuyu litakuwa njia panda saa kumi. Lakini Lutengano alikuwa amekaa kwenye benchi refu kando ya ukuta, na lile sweta fupi, akitazama mbele, na watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote mbili kama wafanyavyo wasipojua la kusema.

Alisimama mbele yake.

"Pole sana, kaka."

"Tumeshapoa."

"Kuna jambo lazima nikuambie. Ukishalisikia, ukitaka niondoke nitaondoka." Alivuta pumzi. "Nilipofika hapa siku ile nikasema sina dawa, ilikuwa kweli. Lakini siku tatu kabla nilikuwa nayo moja. Nilimpa mtu mwingine. Na kwa sababu nilimpa yeye, mtambo ukadhani watu wote ni wazima, ghala halikufunguliwa. Nisingempa, dawa zingefika siku tatu kabla ya hizi. Wakati huo Rabeka alikuwa bado yu hai."

Waliokuwa karibu waligeuka kumtazama. Lutengano hakuinua uso.

"Zingefika kwa hakika?"

"Kama yule mtu asingekufa kwanza. Sijui kama angekufa. Sitajua."

"Na ulimpa kwa nini?"

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa. Alijaribu kutafuta jibu lenye mpango ndani yake, lenye namba, akalikosa.

"Nilimzoea," alisema. "Kila siku ya kumi kwa miaka minne nilikaa mbele yake. Hakuwa na mtu mwingine. Na mimi pia."

Upepo ulipita katika ngano nyuma ya nyumba. Watoto wawili wa Rabeka walikuwa wamesimama mlangoni, mkubwa amemshika mdogo mkono, wakimtazama huyu mgeni.

"Huyo uliyempa," alisema Lutengano. "Amepona?"

"Amepona."

"Anafanya nini sasa?"

"Analisha kondoo wake. Jana alitembea mpaka kituo cha afya, akawaambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa na punje. Alitaka watu wajue ni nani aliyekunywa ile dawa. Waliokuwepo waliondoka wakamwacha amesimama peke yake."

Machozi yalikuwa yakimtoka Lutengano, lakini uso haukubadilika, kama mtu anayetokwa na jasho tu. Aliyapangusa kwa mkono wa sweta. Atuganile alingoja aambiwe aondoke. Huko chini, ng'ambo ya korongo, gari la Idara lilikuwa limekwisha fika njia panda. Dereva alipiga honi mara moja, halafu mara ya pili.

"Sitakuambia kwamba ulifanya vyema," alisema Lutengano.

"Hapana."

"Na sitakuambia maneno mengine. Sina nguvu nayo leo." Akasogea kidogo kwenye benchi, akafuta ubao kwa kiganja. "Kaa."

Honi ililia tena. Atuganile aliketi. Mtu akaleta maji ya kunawa, kisha sahani moja ya viazi, akaiweka katikati yao. Saa kumi ilipopita, gari liligeuza likaondoka bila yeye.